Kuchagua Daftari la Programu ya Kompyuta

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya wajumbe wa bodi na makatibu wa vyama wanachama. Yanachapishwa hapa kama yalivyosomwa.)



Katika ajenda za mkutano huu limo jambo ambalo nadhani wengi wenu mlilipita upesi mkiamini kuwa ni la mafundi. Linasomeka hivi: «Kuchagua mfumo wa kutunza matoleo ya programu ya kupokea mazao.» Nimeombwa nilieleze, nami nimekubali kwa sababu jambo hili, ingawa limeandikwa kwa lugha ya mafundi, ni jambo la ukaguzi, na kwa hiyo ni la mwanachama na fedha yake.

Katika ukaguzi wa msimu uliopita nilikuta vyama viwili vinavyotumia programu moja. Jina lilikuwa lile lile, na tarehe iliyojitokeza kwenye kioo ilikuwa ile ile. Lakini katika chama kimoja mwanachama aliyeleta kilo 47.6 alihesabiwa kilo 47.6, na katika chama cha pili mwenye mzigo wa uzito huo huo alihesabiwa kilo 47. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, huyo wa pili amepungukiwa shilingi 1,800 katika mzigo mmoja. Yeye hajui, karani hajui, na stakabadhi aliyopewa imejumlishwa sawasawa. Nilipouliza ni nani aliyeamuru desimali zikatwe, ni lini, na kwa muhtasari wa kikao gani, sikupata mtu wa kunijibu. Kijana aliyeiandika programu alikwisha hama. Katika kompyuta aliyoiacha palikuwa na majalada yenye majina haya: «mpya», «mpya2», «ya mwisho» na «ya mwisho kabisa». Ile iliyokuwa ikitumika chamani haikulingana hata na moja kati ya hayo manne.

Kila aliyemo humu anajua hatua ambazo chama kingechukuliwa endapo leja yake ingeandikwa kwa penseli na kurasa zake kunyofolewa. Kwa programu tumelivumilia jambo hilo hilo kwa miaka, kwa kuwa kurasa zenyewe hatuzioni.

Sasa basi, mfumo wa kutunza matoleo ni nini? Ni daftari la programu. Programu ni maandishi, tena maandishi mengi, yaliyopangwa katika mafaili. Kila mwandishi wa programu anapobadili mstari, mfumo huandika ingizo: nani amebadili, lini, mistari gani imetoka na ipi imeingia, na kwa sababu gani. Ingizo halifuti lililotangulia. Ukitaka kuiona programu kama ilivyokuwa siku ya kufungua msimu, unarudi kwenye ingizo la siku hiyo na kuitoa ilivyokuwa, herufi kwa herufi. Ipo na amri ya kuonyesha, pembeni mwa kila mstari, jina la mtu aliyeugusa mwisho. Katika mfumo uitwao Git amri hiyo inaitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kulaumu. Katika mfumo wa zamani uitwao Subversion amri hiyo hiyo huitika pia kwa neno lenye maana ya kusifu. Mimi kama mkaguzi ningependa lipatikane neno la katikati.

Daftari hizi ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya makao makuu. Subversion, na kabla yake CVS, zilijengwa hivyo: daftari ni moja, liko katika kompyuta moja kubwa, na kila mwandishi akitaka kuandika ingizo ni lazima afikike huko kwa mtandao, tena awe na kibali. Mtandao ukikatika, kalamu inalazwa chini. Kompyuta ile ikiungua na hapana akiba, daftari limekwisha. Ya pili ndiyo iliyogatuliwa. Hapa kila mwandishi anachukua daftari zima, tangu ukurasa wa kwanza, na kulikalisha katika kompyuta yake. Anaandika maingizo yake humo humo bila kumwomba mtu laini, na baadaye, mtandao ukipatikana, anapeleka yake na kupokea ya wenzake. Wawili wakiwa wamegusa mstari mmoja kwa namna mbili, mfumo haukisii. Husimama na kuwataka watu waamue. Nyinyi mnaofanya kazi mahali ambapo mtandao huja jioni na kuondoka asubuhi hamhitaji nieleze zaidi faida yake.

Baadhi yenu mtauliza: ikiwa kila mmoja ana daftari lake, tutajuaje lipi ni la kweli? Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya niupende mfumo wenyewe. Kila ingizo hupewa alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake pamoja na alama ya ingizo lililotangulia. Ni kama ile jumla tunayoihamishia ukurasa unaofuata katika leja. Mtu akibadili tarakimu moja katika ukurasa wa tatu, alama ya ukurasa huo hubadilika, na ya nne, na ya tano, mpaka ya mwisho, na nakala yake itakataa kulingana na nakala za wenzake. Git na Mercurial zilianza na kanuni ya hesabu iitwayo SHA-1, inayotoa alama ya tarakimu na herufi 40. Mwaka 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walionyesha kuwa inawezekana kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye alama moja ya SHA-1, na mwaka huo huo Git ikaongezewa kinga ya kuitambua hila ya namna hiyo. Nayataja haya ili asije mtu akawaambia kwamba kufuli hili halina ufunguo duniani. Lakini kwa wizi wa aina tunayoikuta vyamani, linatosha na kuzidi.

Mifumo hii ilizaliwa kutokana na kisa ambacho wanaushirika watakielewa haraka. Waandishi wa Linux, programu kuu ya kuendeshea kompyuta inayoandikwa na watu wa nchi nyingi, tangu mwaka 2002 walikuwa wakitumia daftari liitwalo BitKeeper. Lilikuwa mali ya kampuni, na kampuni ile iliwaruhusu walitumie bure kwa masharti yake. Mwaka 2005 palitokea kutoelewana juu ya masharti hayo, na ruhusa ya bure ikaondolewa. Ni kama chama kinachopimia mazao kwa mizani ya kuazimwa na mnunuzi: siku mnunuzi atakapoichukua mizani yake, msimu umesimama. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mnamo Aprili 2005 akaketi kuandika mfumo wake mwenyewe, ndiyo Git. Toleo la Linux la Juni mwaka huo lilikwisha tayarishwa kwa kutumia Git. Mwezi ule ule wa Aprili mwandishi mwingine wa Linux, Mackall, alianzisha Mercurial kwa sababu ile ile. Na kampuni ya Canonical, inayotoa Ubuntu, ilikuwa ikiandaa mfumo wa tatu uitwao Bazaar. Yote mitatu ilitolewa huru: yeyote aweza kuitumia, kuisoma na kuibadili bila kulipa.

Kwa hiyo ilipofika mwaka 2008 swali la kuchagua lilikuwa limewafikia watu wengi. Nitawaeleza juu ya kundi moja lililofanya uchaguzi huo hadharani, karatasi zake zikabaki wazi kwa kila mtu kuzisoma. Ni waandishi wa Python.

Python ni lugha ya kuandikia programu. Ilianzishwa na Guido van Rossum, Mholanzi, na ikatolewa kwa umma mwaka 1991. Programu yetu ya kupokea mazao imeandikwa kwa lugha hiyo, ndiyo maana nikakichagua kisa hiki. Wanaoitunza ni watu waliotawanyika duniani, wengi wao wakijitolea. Tangu mwaka 2005 daftari lao lilikuwa Subversion, na mapema zaidi CVS. Tatizo lao halikuwa kwamba Subversion ilikuwa mbovu. Lilikuwa la uanachama. Aliyekuwa na kibali cha kuandika katika daftari la makao makuu alifanya kazi kwa raha. Msaidizi asiye na kibali hakuweza hata kuweka kumbukumbu za kazi yake mwenyewe hatua kwa hatua. Aliandika marekebisho yake pembeni, akayatuma kama barua, na kusubiri. Mfumo uliogatuliwa ungempa kila msaidizi daftari kamili sawa na la mkongwe, na kibali kikabaki kuwa suala la nani anapokelewa kazi yake, si nani anaruhusiwa kufanya kazi.

Mnamo Novemba 2008 Brett Cannon, mmoja wa waandishi wao, alianzisha hati iliyopewa namba 374 katika mfululizo wa mapendekezo ya Python. Utaratibu walioufuata ndio ninaoomba muuangalie. Hawakuanza kwa kuuliza mfumo upi ni bora. Walianza kwa kuandika kazi zao za kila siku: kuingia mara ya kwanza na kujitambulisha, kuchukua nakala, kufungua tawi la majaribio, kurekebisha kosa moja katika matoleo mawili au matatu yanayotunzwa kwa pamoja, watu kadhaa kufanya kazi juu ya jambo moja, na mwisho kutoa toleo kwa umma. Kisha kila mfumo ukapata mtetezi wake, na mtetezi huyo akatakiwa aandike, kwa amri halisi, namna kila kazi itakavyofanywa katika mfumo wake. Subversion nayo ikawekwa mezani kama kipimo cha kulinganishia. Barry Warsaw aliisemea Bazaar, Stephen Turnbull aliisemea Git, na Mercurial ilikuwa na watu wake. Anayetoa sifa za jumla katika zoezi la namna hii huonekana upesi kwamba hajawahi kuitumia mashine anayoisifu. Nimekaa katika vikao vingi vya zabuni za mizani, pampu na magunia, na natamani hata kimoja kingekuwa kimeendeshwa hivyo.

Mwisho wa Machi 2009, baada ya mkutano wao uliofanyika Chicago, van Rossum alitangaza uamuzi: Mercurial. Git ilitolewa mapema, kwa sababu wakati ule ilifanya kazi kwa taabu katika kompyuta za Windows, na kwa sababu wengi miongoni mwao hawakuipenda. Kati ya Bazaar na Mercurial, Mercurial ilikuwa na kasi zaidi na ilikuwa na wafuasi wengi zaidi miongoni mwao. Tena zote mbili ziliandikwa kwa sehemu kubwa kwa Python yenyewe, hivyo wangeweza kuzitengeneza kwa mikono yao, ilhali Git iliandikwa hasa kwa lugha ya C.

Nisiache kusema kwamba uamuzi ulikuwa wa mtu mmoja. Ndivyo kundi lile lilivyokuwa likiendeshwa: mwanzilishi alikuwa na neno la mwisho. Van Rossum aliuacha wadhifa huo Julai 2018, na tangu mwaka 2019 wana baraza la watu 5 linalochaguliwa kwa kura na waandishi wenyewe. Katiba yao inakataza wajumbe zaidi ya 2 kutoka kwa mwajiri mmoja. Sharti hilo ningefurahi kuliona, kwa maneno yanayotufaa, katika masharti ya baadhi ya vyama vyetu ambavyo sitavitaja.

Baada ya kutangaza, kazi ikawa ndefu. Daftari lao lilihamia Mercurial Machi 2011, karibu miaka miwili baadaye. Sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye mambo madogo yasiyotajwa katika hotuba. Kwa mfano, Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, na mifumo ya jamii ya Unix humaliza kwa alama moja. Subversion ilikuwa ikiwasawazishia jambo hilo, Mercurial ilikuwa haijaweza kwa namna waliyoitaka. Ilibidi iandikwe nyongeza maalumu ndipo wahame, maana vinginevyo mwandishi wa Windows angegusa mstari mmoja na daftari likaonyesha kuwa amebadili faili zima. Mkaguzi anaielewa hasara ya jambo kama hilo: leja inayoonyesha kwamba kila kitu kimebadilika haionyeshi kitu.

Na bado hawakukaa. Tarehe 1 Januari 2016 Cannon alitangaza kwamba Python itahamia Git, katika huduma iitwayo GitHub, na tarehe 10 Februari 2017 wakahama. Je, walikosea mwaka 2009? Kwa maoni yangu hapana. Kwa vipimo vya mwaka ule na kwa kompyuta walizokuwa nazo, Mercurial ilikuwa chaguo la haki. Kilichobadilika ni majirani. Katika miaka ile wasaidizi wapya walizidi kuja wakiwa wamezoea Git na GitHub, na hawakuwa tayari kujifunza daftari la pili kwa ajili ya nyumba moja. Wengine walipita njia hiyo hiyo. Mradi wa Emacs ulitoka Bazaar kuingia Git Novemba 2014. OpenJDK, penye msingi wa lugha ya Java, ilitoka Mercurial mwaka 2020. Mwaka huo huo Bitbucket, huduma iliyoanza kwa kuhifadhi daftari za Mercurial, iliacha kabisa kuzipokea. Mozilla, watoaji wa Firefox, waliotumia Mercurial tangu mwaka 2007, walitangaza Novemba 2023 kwamba nao wanahama.

Lakini angalieni kilichohama na kisichopotea. Ukilifungua daftari la Python leo, ndani ya Git, maingizo yake yanaanzia mwaka 1990. Yamepita CVS, Subversion, Mercurial na sasa Git, na yapo. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mimi ningeliweka katika fomu yoyote ya kuchagua mfumo: siku tukitaka kuondoka, tutaondoka na kurasa zetu zote? Mifumo hii huru inajibu ndiyo. Wauzaji wawili niliowasikia wakizungumza na Muungano wetu juu ya vifurushi vyao vya kulipia kwa mwezi hawakulijibu swali hilo, walitabasamu tu.

Nije kwetu. Mapendekezo yangu kwa Muungano ni Git. Sisemi hivyo kwa sababu ni nzuri kuliko zote. Amri zake ni nyingi, majina yake yanachanganya, na mtu aliyejifunza Mercurial atawaambieni kwa haki kwamba Mercurial ni rahisi kueleweka. Lakini Bazaar haiendelezwi tena isipokuwa na warithi wake kwa jina la Breezy, na Mercurial, ingawa ingali hai, ina nyumba chache za kupanga. Sisi tuna vijana wawili tu. Mmoja akiondoka tutamtafuta wa tatu, na wa tatu huyo, kwa hali ilivyo, yaelekea atakuja akiijua Git. Kwa chama kisichoweza kulipa mafunzo ya miezi, hoja hiyo inazishinda nyingine.

Ila Git ina mambo matatu ambayo mkaguzi hawezi kuyapita.

La kwanza ni jina. Git humwandika mwandishi kwa jina alilojiandikisha mwenyewe katika kompyuta yake. Nikiketi hapa nikaandika jina la Mwenyekiti wetu, Git itapokea na kuandika kwamba Mwenyekiti amebadili bei ya pamba. Alama ya utambulisho inalinda maandishi yasibadilike baada ya kuandikwa, haimthibitishi aliyeandika. Dawa ipo: maingizo yaweza kutiwa saini kwa ufunguo wa siri wa mwandishi, na huduma inayopokea maingizo humdai kila mtu ajitambulishe kabla ya kupeleka. Naomba maingizo yote yanayogusa uzito, bei, makato na malipo yasipokewe bila saini.

La pili ni kuandika upya. Git humruhusu mtu, katika nakala yake, kupanga upya maingizo ya nyuma, kuyaunganisha au kuyatupa, na vijana hulipenda jambo hilo kwa kuwa huifanya kazi ionekane safi. Pembeni, katika tawi lake la majaribio, afanye apendavyo. Lakini ipo na amri ya kulazimisha historia hiyo mpya iingie katika daftari la pamoja, na hapo ndipo penseli na kifutio vinaporudi. Mercurial ilikuwa na tabia nzuri zaidi kwa hili: tangu mwaka 2012 hutenga maingizo yaliyokwisha tolewa kwa wenzake na kukataa kuyabadili, mpaka mtu aiondoe kinga hiyo kwa makusudi. Katika Git kinga hiyo tunaiweka wenyewe. Tawi kuu lifungwe, lisilazimishwe na mtu yeyote, hata msimamizi wa mafundi.

La tatu ndilo linalonitia hofu kuliko yote, nalo linatokana na sifa ile ile ya kugatua. Kinachoingia katika daftari kinasambaa kwa kila mwenye nakala, na hakirudi. Kijana akiweka humo orodha ya wanachama ili ajaribu programu, majina yao, namba zao za simu na za akaunti yatakaa katika kila kompyuta iliyochukua nakala, hata kama kesho yake ataifuta orodha, maana kufuta ni ingizo jipya tu na lile la zamani lipo. Hivyo hivyo nywila ya benki. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chama ndicho kitakachojibu, si kijana. Kwa hiyo taarifa halisi za wanachama zisiingie kamwe katika daftari la programu. Watumie majina ya kubuni na mizani ya kubuni. Tena ikumbukwe kwamba daftari hili ni la programu, si la taarifa za fedha. Akiba ya taarifa za fedha inabaki na utaratibu wake wa kila siku, na nimekwisha kuwaona watu wawili wanaochanganya mambo hayo.

Daftari la pamoja tuliweke wapi? Kugatua hakuondoi haja ya mahali pa kukutania. Huduma za nje kama GitHub, iliyonunuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2018, ni rahisi na zina sehemu ya bure. Zipo pia programu huru, kama Forgejo, ambazo Muungano waweza kuziweka katika kompyuta yake wenyewe. Maoni yangu ni kuanza na huduma ya nje, katika ghala lililofungwa kwa macho ya watu, na kila Ijumaa kuchukua nakala kamili mpaka ofisini. Kwa chama kisicho na mtandao, Git ina amri ya kufunga daftari zima, historia na yote, katika faili moja linaloweza kubebwa kwa flashi. Likifika, kompyuta ya huko hulikagua kwa alama zake kabla ya kulipokea.

Mtaniuliza faida yake kwa kesi kama ile ya kilo 47.6. Kungekuwa na daftari, yangekuwamo majibu mawili. La kwanza ni la moja kwa moja: ule mstari unaokata desimali ungeonyesha jina na tarehe. La pili ni kwa makosa yaliyojificha zaidi, ambapo hatujui mstari upi unahusika. Git ina amri ya kutafuta kwa kugawa nusu kwa nusu. Unaipa siku ambayo hesabu ilikuwa sahihi na siku ambayo imekosea, nayo inakutolea programu ya katikati uipime. Ukiijibu, inagawa tena. Maingizo 1,000 hayahitaji zaidi ya majaribio 10 hivi kufikia lile lililoleta kosa. Kwa daftari za karatasi, kazi ya namna hiyo imewahi kunichukua wiki mbili.

Yanabaki mambo ya kutekeleza, nayo yanawahusu makatibu zaidi kuliko mafundi. Kila ingizo linalogusa fedha ya mwanachama litaje namba ya muhtasari wa kikao kilichoamua. Ingizo lisilo na namba hiyo lisiunganishwe na tawi kuu, na anayeunganisha asiwe yule aliyeandika. Programu ionyeshe kwenye kioo, chini ya jina la chama, herufi na tarakimu saba za mwanzo za alama ya toleo lake. Karani anapofungua msimu azinakili katika daftari la mizani, na kila toleo jipya linapowekwa azinakili tena pamoja na tarehe na saa. Mkaguzi akifika atazisoma, atalifungua daftari la programu, na atajua bila kumuuliza mtu ni programu gani iliyompimia mwanachama siku ile.

Funguo za daftari la pamoja ziwe mikononi mwa watu wawili, na mmoja wao awe mwajiriwa wa Muungano asiyeandika programu. Mwandishi wa programu akiacha kazi, kibali chake kifungwe siku ile ile anapokabidhi ofisi, na hati ya makabidhiano itaje alama ya ingizo lake la mwisho. Fomu ya makabidhiano iliyomo katika makabrasha yenu haina nafasi ya kuandika alama hiyo. Nimeongeza mstari chini ya namba 14, naomba msahihishe nakala zenu kwa kalamu kabla hatujaingia katika maswali.